Les Paul hakuwa na njia nane

Tangu Novemba 2023, ulipotoka wimbo wa mwisho wa Beatles uliojengwa juu ya sauti ya John Lennon iliyochomolewa na kompyuta kutoka kwenye kaseti kuukuu, stori za maprodyuza zimebadilika. Kazi iliyokuwa ya mabingwa wachache sasa inafanywa na programu ya kwenye simu: unaipa wimbo, nayo inakurudishia mwimbaji peke yake, besi peke yake, ngoma peke yake, na fungu la nne la vilivyobaki. Na kila mjadala huu unapopamba moto, hakosi mtu wa kumtaja Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani, kama babu wa ukoo. Hoja huwa hivi: mzee huyu alivumbua nyumbani kwake namna ya kurekodi kila sauti kwenye njia yake, yaani mstari wake wa peke yake ndani ya rekodi moja, laptopu zetu ni wajukuu wa mashine zake, na sasa akili bandia imemalizia kazi, kwa kuwa hata wimbo ulioungwa zamani unaweza kufumuliwa. Hakuna tena uamuzi wa studio usiotanguka.

Naona ukoo huo umeandikwa kichwa chini, miguu juu. Nyimbo zilizompa Les Paul jina hazikurekodiwa kwa njia nane, wala nne, wala mbili. Alikuwa na njia moja. Nyumba ilimpa kitu ambacho studio za kampuni hazikumpa mtu, yaani muda. Mashine yake ikamnyima kitu ambacho sisi tunacho hadi tunakinai, yaani nafasi ya kurudi nyuma. Muziki wake ulizaliwa pale mambo hayo mawili yalipokutana. Anayesema tumemrithi amerithi nusu tu, tena ile nusu nyepesi.

Les Paul alizaliwa tarehe 9 Juni 1915 mjini Waukesha, jimbo la Wisconsin, kwa jina la Lester Polsfuss. Nyumbani kwao kulikuwa na piano ya mama yake, ya aina ile inayojipiga yenyewe kwa kufuata matundu kwenye karatasi, na mtoto alikuwa akitoboa matundu ya ziada ili kusikia noti zikiongezeka. Ukitaka kujua kazi yake yote ilikokwenda, ni hapo: karatasi moja, ukishaitoboa umeitoboa. Mwaka 1945 alikuwa Hollywood, na kikundi chake cha watu watatu kilimpigia mwimbaji Bing Crosby wimbo uliofika namba moja. Crosby ndiye aliyemhimiza ajenge studio yake mwenyewe, naye akaijenga kwenye gereji ya nyumba yake ya Curson Avenue.

Gereji ile haikuwa na kinasa sauti cha mkanda. Ilikuwa na mashine za kuchonga santuri, moja yao akiwa ameiunda mwenyewe kwa flaiwili ya gari la Cadillac na mkanda wa kuzungushia wa mashine ya daktari wa meno. Flaiwili, kama fundi yeyote wa gereji atakavyokuambia, kazi yake ni kuufanya mzunguko utulie. Sahani ikiyumba, gitaa linalia kama mgonjwa. Alipiga gitaa la kwanza, mashine ikachonga. Akaicheza santuri ile huku akipiga gitaa la pili, na mashine nyingine ikachonga yote mawili kwenye santuri mpya. Hivyo hivyo mpaka magitaa manane, na mwaka 1948 kampuni ya santuri ya Capitol ikautoa wimbo wa ala tupu, “Lover”, ambamo baadhi ya magitaa yanakimbia kasi isiyowezekana kwa vidole, kwa sababu yalirekodiwa mashine ikiwa imepunguzwa mwendo. Tuseme ukweli: Les Paul hakuwa wa kwanza. Sidney Bechet, mpiga klarineti na saksofoni wa jazi, alikwisha kupiga ala sita peke yake kwa mtindo wa santuri juu ya santuri mwaka 1941. Lakini Bechet alifanya vile kama mchezo wa siku moja katika studio ya kampuni, akaacha. Les Paul aliufanya kuwa namna ya kuishi.

Januari mwaka huo huo wa 1948 gari lake lilitumbukia kutoka barabarani penye barafu huko Oklahoma, na mkono wake wa kulia ukavunjikavunjika hata madaktari wakamwambia kiwiko hakitakunja tena. Aliwaomba waufunge katika pembe ya mpiga gitaa. Ukabaki hivyo miaka 61, mpaka kifo chake mwaka 2009. Watu husimulia kisa hiki kama mfano wa ujasiri, na ni ujasiri kweli, lakini mimi naona zaidi aina ya akili iliyokuwamo: mtu anayeweza kuchagua mkao mmoja, akijua hautabadilika tena, kisha akaamka kesho yake kufanya kazi ndani ya mkao huo.

Mkanda wa sumaku ulitoka Ujerumani. Baada ya vita, mwanajeshi fundi wa Marekani, Jack Mullin, alirudi kwao na Magnetophon mbili, yaani vinasa sauti vya Kijerumani vya mkanda huo, akazionyesha kwa watu wa redio na filamu. Bing Crosby, aliyekuwa amechoka kufanya kipindi cha redio mubashara, aliona njia ya kupumua, akaweka dola 50,000 kwenye kampuni changa ya California iitwayo Ampex, iliyounda vinasa sauti vya mkanda. Mwaka 1949 akampa rafiki yake Les Paul mojawapo ya mashine za Ampex.

Kinasa sauti hicho kilikuwa na vichwa vitatu vilivyopangwa kama askari: mkanda ukipita, kichwa cha kwanza kinafuta, cha pili kinaandika, cha tatu kinasoma kilichoandikwa. Les Paul akaongeza kichwa cha nne, cha kusoma, akakifunga kabla ya kile cha kufuta. Siri yote iko hapo. Mkanda wenye gitaa la jana unafika kwenye kichwa kipya, gitaa la jana linasomwa na kuchanganywa na gitaa linalopigwa sasa; kufumba na kufumbua mkanda uleule unapita kwenye kichwa cha kufuta, la jana linakwenda na maji; kisha kichwa cha kuandika kinaujaza upya, la jana na la leo yakiwa yameshikana na hayaachani tena. Sauti juu ya sauti, kwenye njia moja.

Hesabu yake ni kali. Akikosea noti kwenye safu ya kumi, hapotezi safu ya kumi. Anapoteza zote kumi. Hakuna nakala kabatini. Mlango ukipigwa kishindo na jirani, au ndege ikipita juu ya paa, kazi ya siku nzima imekwisha na mnaanza na gitaa la kwanza. Na hata asipokosea, kila safari mkanda unachuja: sauti iliyonakiliwa mara nyingi hupoteza uangavu, na mchakacho unaongezeka. Kwa hiyo ilimbidi apange wimbo kinyume na sisi tunavyoupanga. Sisi huanza na mwimbaji na biti, kisha tunapamba. Yeye alianza na mapambo, zile sauti za nyuma ambazo hata zikififia hazina hasara, akamalizia na sauti ya mbele, ili ibaki safi. Maana yake ni kwamba kabla ya kugusa waya wowote ilimpasa awe na wimbo mzima kichwani, na ajue kila sehemu itasikika kwa kiasi gani siku ya mwisho, maana kiasi hicho hakirekebishiki. Kumiksi kulitangulia kurekodi.

Hapa ndipo linapoingia jina ambalo washabiki wa vifaa hulitaja haraka haraka kama nyongeza: Mary Ford, aliyezaliwa Iris Colleen Summers, ambaye Les Paul alimuoa Desemba 1949. Wimbo wao “How High the Moon”, uliokaa namba moja kwa wiki tisa mwaka 1951, ulirekodiwa katika fleti ya Jackson Heights, mtaa wa New York ulio jirani na uwanja wa ndege wa LaGuardia. Sikiliza sauti ya Mary iliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa. Ili sauti hizo zikae pamoja, kila pumzi ilipaswa kuanza na kuishia pale pale ilipoanza na kuishia mara ya kwanza, na konsonanti ya mwisho ya kila neno ianguke wakati mmoja na wenzake. Mashine haikufanya hivyo, na hakukuwa na programu ya kusogeza neno kwa kidole. Tena aliimba karibu kabisa na maiki, wakati waimbaji wa siku zile waliwekwa mbali nayo, na ukaribu huo hausamehe: kumeza mate kunasikika. Mbele ya mashine isiyo na huruma, kifaa kilichokuwa na uhakika kuliko vyote ndani ya fleti ile kilikuwa koo la Mary. Walipotakiwa kuyafanya hayo jukwaani, kabla Les Paul hajapata ujanja wa kuendesha mkanda uliofichwa nyuma ya pazia, dada yake Mary alijificha huko huko na maiki, akaimba sauti ya pili. Watazamaji wakarudi nyumbani wakijadili mitambo.

Sasa tufike kwenye mashine ya njia nane, ile inayotajwa katika kila andiko. Les Paul aliiwaza, Ampex wakaijenga, na mhandisi aliyetatua fumbo lake kubwa alikuwa Ross Snyder. Fumbo lenyewe ni rahisi kulieleza: mkanda hukifikia kichwa cha kusoma baada kidogo ya kupita kichwa cha kuandika, kwa hiyo ukimsikiliza mwenzako wa jana kupitia kichwa cha kusoma huku ukiandika njia mpya, unachokiandika kitachelewa. Kwa mkanda unaokwenda inchi 15 kwa sekunde, pengo la inchi moja na nusu tu ni sehemu ya kumi ya sekunde, na hapo wimbo umeshaharibika. Jibu likawa kukifanya kichwa cha kuandika kisome pia, kwa zile njia ambazo haziandikwi wakati huo. Mashine, yenye kimo kumpita mtu, ilifika nyumbani kwake Mahwah, New Jersey, mwaka 1957 kwa dola 10,000, ikapewa jina la Pweza. Pacha wake mmoja alikwenda kampuni ya santuri ya Atlantic, na huko fundi Tom Dowd akaitumia vizuri kweli kweli.

Na Les Paul je? Wimbo wake uliokaa namba moja kwa wiki 11, “Vaya con Dios”, ulikuwa wa 1953. Baada ya Pweza kufika, hakuna wimbo wake uliosogelea ukubwa huo. Ndoa yake na Mary ilivunjika mwaka 1964. Sitaki kusema mashine ndiyo iliyomroga. Muziki wa roki ulikuwa umeshaingia mjini na vijana walitaka kitu kingine, na huo ni ufafanuzi tosha bila ushirikina wa vifaa. Ninachosema ni kidogo zaidi: anayesema njia nyingi ndizo zilizoleta muziki wa Les Paul ana tatizo la kalenda. Muziki ulitangulia, njia zikafuata.

Zipo hoja nzito dhidi yangu, na iliyo nzito kuliko zote angeitoa Les Paul mwenyewe. Alitaka njia nane. Alizililia, akazilipia. Hakuna ushahidi kwamba aliipenda adha ya kuanza upya saa tisa usiku kwa sababu ya noti moja. Aliichukia, ndiyo maana akatafuta dawa. Mtu akiniambia kwamba ninausifu umaskini wa vifaa ambao aliyeuishi aliukimbia, sina jibu la kumnyamazisha. Nina jibu la nusu: alipoipata njia ya nane alikuwa na miaka 42, na akili yake ilikwisha kufundishwa na njia moja. Aliujia wingi akiwa na nidhamu ya uhaba. Kijana anayefungua programu kwa mara ya kwanza leo anauanza wingi akiwa hajawahi kulazimishwa kuchagua, na hao si watu wawili walio katika hali moja. Beatles walirekodi albamu ya “Sgt. Pepper” mwaka 1967 kwa mashine za njia nne, miaka kumi baada ya Pweza kuwapo duniani, na hawakukaa kusubiri.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: kwamba gereji ya Les Paul ilikuwa ushindi wa mnyonge, mwanzo wa studio ya chumbani ya kila mtu. Gereji ya nani? Mwenye gereji alikuwa tayari mpiga gitaa wa redio, rafiki wa mwimbaji mkubwa kuliko wote Marekani, aliyeletewa mashine ya Ampex kwa sababu rafiki huyo alikuwa na fedha ndani ya kampuni. Dola 10,000 za 1957 zingekaribia kununua nyumba katika miji mingi ya nchi ile. Neno “nyumbani” linatudanganya, kwa sababu tukilisikia tunafikiria chumba cha kupanga, godoro lililoegeshwa ukutani kuzuia mwangwi, na jenereta ya jirani. Nyumba ya Les Paul haikuwa mahali pa asiye na kitu. Ilikuwa mahali ambapo saa ilikuwa ya kwake. Kwenye studio za kampuni wanamuziki waliitwa kwa vipindi vya saa tatu, na saa zikiisha, zimeisha. Kwake, usiku ukitosha kwa majaribio ishirini, ulikuwa wa majaribio ishirini, na Capitol wakaletewa kazi iliyokwisha kukamilika. Hilo ndilo jambo la kimapinduzi, na halina uhusiano na idadi ya njia.

Tukitaka kumlinganisha na cha kwetu, mwenzake si laptopu. Studio za Radio Tanzania Dar es Salaam ziliwahi kupanga bendi nzima chumbani, wapiga magitaa, tarumbeta na waimbaji, wakapiga kwa pamoja. Akiteleza mmoja, wote wanarudi mwanzo. Mwanamuziki aliyepitia hapo alijua wimbo kabla ya taa kuwaka. Les Paul alikuwa bendi ya namna hiyo, tofauti ni kwamba wanabendi wote walikuwa yeye na mkewe, na waliingia chumbani mmoja mmoja. Na hamu ya gitaa moja kusikika kama mengi haikuwa ya wenye mitambo peke yao. Mwaka 1952, wakati Marekani wakimshangaa Les Paul, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Katanga, nchini Kongo, mji unaoitwa Likasi leo. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, gitaa moja, mara moja, na mpaka leo kuna wanaolisikia wakaapa kuwa ni wapigaji wawili.

Basi programu za kutenganisha sauti zinatubadilishia nini? Kwa wenye kutunza kumbukumbu, mengi, na sitaki kuzibeza: rekodi nyingi za zamani ambamo tarumbeta imemmeza mwimbaji zinaweza kusafishwa, na waliokwisha kufa wakasikika vizuri kuliko walivyosikika wakiwa hai. Kwa mtengenezaji wa wimbo mpya, athari yake ni nyingine. Kila uamuzi anaoweza kuutangua kesho, leo anaufanya kwa nusu moyo. Niliwahi kukaa katika studio ya chumbani maeneo ya Tabata, prodyuza, kijana mwenye sikio zuri tu, akitafuta kiitikio ndani ya njia sitini na kitu. Alikuwa na viitikio vinne, vyote vizuri, na alivibakiza vyote kwa sababu hakuna kilichomlazimisha kukifuta hata kimoja. “Tutaona kwenye miksi, kaka,” aliniambia. Wimbo huo nimeusikia baadaye. Viitikio vyote vinne vimo, vimelaliana kama abiria wa daladala ya jioni, na huwezi kushika hata kimoja uende nacho nyumbani. Ushauri wangu kwake, kama angeuomba, ungekuwa wa kifundi tu: achague gitaa na sauti, azichanganye kwenye njia moja, afute mafaili ya mwanzo, kisha aendelee. Wiki moja tu. Najua hangekubali.

Juzi niliipa programu mojawapo ule wimbo wa 1951 wa fleti ya Jackson Heights. Ilifikiri kidogo, ikanirudishia mafungu manne. Kwenye fungu la ngoma iliweka mikwaruzo ya nyuzi za gitaa zilizobanwa kwa kiganja, kwa kuwa haikujua pa kuipeleka. Gitaa la kasi lilikatika vipande, nusu huku nusu kule. Kwenye fungu la mwimbaji alitoka Mary Ford, wote kwa pamoja, wakishuka na kupanda kwa pumzi moja, na chini yao mchakacho hafifu wa mkanda uliopita mara nyingi. Nilibonyeza tena kuona kama ingeweza kuwatenga mmoja mmoja. Ikanirudishia fungu lile lile.